Shajara ya mradi: mizani ya maji, chumvi na asidi ya mwili, kwa chupa na lahajedwali

Mradi huu ni wa kutengeneza mfano wa kufundishia unaoonyesha jinsi mwili unavyoshika kiwango cha maji, elektroliti (chumvi zilizoyeyuka zenye chaji) na asidi. Una nusu mbili: chupa za mezani zinazoiga kemia ya damu, na lahajedwali inayofuata maji na chumvi saa baada ya saa. Hatua za kawaida zimefupishwa. Palipokwama ndipo palipoandikwa kwa urefu, maana ndipo anayeiga atakapokwama. Gharama zimewekwa kwa gramu, mililita na muda.

Onyo moja kabla ya yote: hakuna kimiminika hapa cha kunywa wala cha kuingiza mshipani, na lahajedwali si chombo cha kutibia mtu.

6 Januari: hesabu za msingi

Mtu wa mfano ni mwanamume wa kilo 70. Maji ni kama 60% ya uzito wake, yaani lita 42. Theluthi mbili, lita 28, ziko ndani ya seli. Zilizobaki, lita 14, ziko nje ya seli, na kati ya hizo plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) ni kama lita 3.5 tu. Nje ya seli sodiamu ni 140 mmol/L (milimoli kwa lita, hesabu ya chembe) na potasiamu 4. Ndani mambo yanageuka: potasiamu hufika 140 hivi na sodiamu haizidi 15.

Ukolezi wa osmosisi ni sawa pande zote mbili, kwa sababu maji hupita utando wa seli kwa urahisi na huenda kulikokolea mpaka tofauti iishe. Kiwango cha kawaida ni milosmoli (hesabu ya chembe zote zilizoyeyuka) 280 hadi 295 kwa kilo ya maji. Tumeanza na 287. Kwa hiyo nje kuna milosmoli 14 × 287 = 4,018, na ndani 28 × 287 = 8,036. Namba hizi mbili zitarudi kwenye lahajedwali, ziandikwe pembeni.

14 Januari: utando ambao si utando wa seli

Jaribio la kwanza lilikuwa la osmosisi kwa mrija wa dayalisisi: mfuko wenye maji ya chumvi 0.9% ndani ya bika ya maji yaliyokenekwa. Matarajio yalikuwa mfuko uvimbe na ubaki umevimba. Ulivimba kidogo, kisha ukalegea. Kipimo cha upitishaji umeme kwenye maji ya nje kilianza kupanda ndani ya dakika chache, maana yake chumvi ilikuwa inatoka.

Sababu iko kwenye matundu. Mrija wa kawaida wa maabara huzuia molekuli zenye uzito wa kuanzia daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 12,000 hadi 14,000 kwenda juu. Sodiamu ina 23. Hata sukari inapita. Mrija huu hauwezi kuwa seli, lakini unafaa sana kuwa ukuta wa kapilari ya damu, ambao nao huachia ioni na kuzuia protini. Kwa hiyo haukutupwa, umebadilishiwa kazi tu: ndani ute mweupe wa yai, nje maji ya chumvi 0.9%. Baada ya saa chache mfuko unakakamaa, na safari hii haulegei, kwa kuwa chumvi ni sawa pande zote na kinachovuta maji ni protini peke yake.

Mvuto huo wa protini ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye plazma ni kama milimita 25 za zebaki. Ukolezi mzima wa milosmoli 287, kama utando ungezuia kila kitu, ungezaa zaidi ya milimita 5,500, kwani kila milosmoli moja ni 19.3 kwa joto la mwili. Hata hivyo ni hizo 25 zinazoamua maji yabaki kwenye mshipa au yaende miguuni kuwa uvimbe.

Kwa utando wa seli halisi tumetumia viazi mbatata, vipande vya urefu wa sentimita 4 vilivyotobolewa kwa kitoboa kizibo ili vilingane unene. Kimoja kwenye maji yaliyokenekwa, kimoja kwenye chumvi 0.9%, kimoja kwenye 3%. Cha kwanza huongezeka uzito na kuwa kigumu, cha tatu hupungua na kupindika kama mpira, cha katikati hukaa karibu na pale kilipoanza, kikipanda au kushuka kidogo kutegemea kiazi. Kinachoharibu jaribio hili ni maji ya juu ya ngozi ya kipande. Kifutwe kwa karatasi kwa namna ileile kabla ya kila kupima, la sivyo tone lililoning'inia litasomeka kama maji yaliyoingia kwenye seli.

Gharama ya hatua hii: chumvi gramu 20 hivi, mrija sentimita 30, ute wa mayai mawili.

27 Januari: damu bandia, na wingu jeupe

Mchanganyiko kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa:

- kloridi ya sodiamu gramu 6.78 (116 mmol)
- bikaboneti ya sodiamu (magadi ya kuokea) gramu 2.02 (24 mmol)
- kloridi ya potasiamu gramu 0.30 (4 mmol)
- kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili gramu 0.18 (1.25 mmol)
- rangi ya fenoli nyekundu miligramu 15, kama kiashiria (hubadilika rangi pH ikibadilika)

Sodiamu inatoka 140, potasiamu 4, bikaboneti 24, sawasawa na damu. Kloridi ndiyo haikubali: inafika 122.5 badala ya 104 hivi. Hili si kosa la mizani. Kwenye damu, ukitoa kloridi na bikaboneti kutoka sodiamu unabaki na pengo la kama 12, linalojazwa na chaji hasi za albumini (protini kuu ya plazma), fosfeti na asidi nyingine ndogo. Chupa haina albumini, basi kloridi imebeba mzigo wote. Anayefundisha wauguzi au wanafunzi wa udaktari asiipite sehemu hii: pengo hilo likikua, kuna asidi ngeni ndani ya damu, kama ile ya kisukari kilichokosa insulini au ya misuli iliyokosa oksijeni.

Kilichokwama ni kalsiamu. Chumvi zote zilitiwa kwa mpigo, na ndani ya muda mfupi chupa ikawa na wingu jeupe. Bikaboneti ikiwa wazi hewani hupoteza hewaukaa (kaboni dioksidi), pH (kipimo cha asidi, hushuka asidi ikizidi) inapanda kupita 8, sehemu ya bikaboneti inageuka kaboneti, na kaboneti ikikutana na kalsiamu inaganda kuwa chokaa. Kuchuja hakusaidii, maana unachuja kalsiamu yenyewe.

Dawa yake ni mpangilio. Yeyusha kwanza sodiamu, potasiamu na bikaboneti kwenye mililita 900. Pulizia hewaukaa mpaka kiashiria kitoke kwenye wekundu kiwe njano. Hapo ndipo kalsiamu, iliyoyeyushwa pembeni kwenye mililita 50, inatiwa kidogo kidogo huku chupa ikitikiswa. Jaza hadi lita 1, funga kizibo. Chupa ikikaa wazi usiku kucha wingu litarudi, kwa hiyo tengeneza ya siku ileile. Lita 2 zilimwagwa kabla ya mpangilio huu kupatikana.

9 Februari: kupata hewaukaa ya kiasi sahihi

pH ya chupa hii haiamuliwi na bikaboneti peke yake bali na uwiano:

pH = 6.1 + log [bikaboneti ÷ (0.03 × shinikizo la hewaukaa)]

Hapo 6.1 ni namba ya kudumu ya jozi hii ya bikaboneti na hewaukaa, na 0.03 ni kizidisho cha kuyeyuka kwa hewaukaa majini. Kwa bikaboneti 24 na hewaukaa ya milimita 40 za zebaki, kilicho chini ya mstari ni 1.2, uwiano ni 20, logi yake 1.3, na pH ni 7.4. Kwa hiyo kazi nzima ni kuishika hewaukaa kwenye 40.

Chanzo cha kwanza kilikuwa siki na magadi ya kuokea: gramu 8.4 za bikaboneti kwa mililita 120 za siki ya 5%, hutoa karibu lita 2.4 za gesi. Matatizo yakawa mawili. La kwanza, povu lilivuka na mrija, siki ikaingia kwenye damu bandia na kula bikaboneti, pH ikashuka kwa sababu isiyohusiana na gesi. Chupa ya mtego yenye maji kidogo katikati ya mrija ilimaliza hilo. La pili haliponi kwa mtego: gesi hii ni hewaukaa tupu, shinikizo lake ni zaidi ya 700. Weka 713 kwenye kanuni na pH ni 6.15. Kwa kuzuia wingu la kalsiamu ni nzuri mno, kwa kuiga damu haifai.

Silinda ya gesi mchanganyiko yenye hewaukaa 5% ndiyo njia safi. Kwa joto la 37 °C, baada ya kutoa mvuke wa maji, 5% ni milimita 36, na pH inatoka 7.45. Asiye na silinda ana pumzi. Hewa ya mwisho ya pumzi ya mtu mwenye afya imetoka kwenye vifuko vya mapafu na ina hewaukaa ya karibu milimita 40, namba ileile inayotafutwa, na si bahati: ndiyo iliyokuwa inalingana na damu yake dakika hiyo. Pumzi ya mwanzo ni hewa iliyokaa kwenye koo na mirija bila kubadilishana chochote, hiyo iachiwe nje. Toa nusu ya kwanza ya pumzi chumbani, nusu ya pili ipite kwenye mrija uliozama chupani. Mrija wa kila mtu uwe wake, na kuwe na vali ya njia moja ili asije akavuta kimiminika.

Anayepuliza apumzike kila baada ya pumzi chache. Akiharakisha ataanza kusikia kizunguzungu na ganzi kwenye vidole na midomoni. Hilo nalo ni somo: amejitoa hewaukaa kupita kiasi, damu yake imekuwa ya alkali, albumini imeachia haidrojeni na kushika kalsiamu, na kalsiamu huru iliyopungua inaichokoza mishipa ya fahamu.

Mita ya pH ilisumbua kwa mambo mawili. Kuisawazisha kwa bafa (vimiminika ambavyo pH yake haibadiliki kwa urahisi) za 4.01 na 7.00 kunaacha eneo la 7.4 nje ya vipimo vyote viwili, bora 6.86 na 9.18. Na viputo vikikaa kwenye kioo cha elektrodi namba hutangatanga, basi simamisha kupuliza, tikisa elektrodi, soma.

Halafu joto. Kwa chumba cha 25 °C pH ilikaa karibu 7.3 hata pumzi ilipokuwa sahihi. Maji baridi huyeyusha hewaukaa nyingi zaidi, kile kizidisho cha 0.03 kinapanda. Chupa iwekwe kwenye beseni la maji ya 37 °C, na ndipo kanuni itakaposema kweli.

21 Februari: asidi ileile, chupa nne

Hiki ndicho kiini cha mradi. Kila chupa ina lita 1 na inatiwa asidi ya haidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita), mililita 12, yaani milimoli 12 za haidrojeni. Miwani na glavu.

Chupa A ni maji ya chumvi bila bikaboneti. pH ilianguka hadi 1.9.

Chupa B ni damu bandia iliyofungwa. Haidrojeni 12 zinakula bikaboneti 12 na kuzaa hewaukaa 12 ambazo hazina pa kwenda. Bikaboneti ni 12, hewaukaa iliyoyeyuka ni 1.2 + 12 = 13.2, na kanuni inasema 6.06. Kwenye jaribio la kwanza mita ilikataa, ikasoma karibu 6.5. Asidi ilipimwa upya, mita ikasawazishwa upya, jibu lileile. Chanzo kilikuwa chombo: chupa ya lita 2 iliyojaa nusu. Hewaukaa ilikimbilia kwenye lita 1 ya hewa iliyokuwa juu, na hesabu ya mgawanyo huo inatoa 6.49. "Kufungwa" kwa kizibo hakutoshi, lazima kusiwe na hewa hata kidogo. Chupa ya lita 1 ijazwe hadi mdomoni, kizibo kiwe na sindano mbili, moja ya kuingizia asidi na nyingine ya kuachia kimiminika kinachosukumwa. Mfumo huo ulitoa 6.1. Shinikizo la hewaukaa ndani linafika kama milimita 440, chini ya hewa ya nje, hivyo kizibo hakiruki, ila viputo vichache vinaweza kuonekana.

Chupa C ni ileile, lakini wazi kwa pumzi: kila hewaukaa inayozaliwa inatolewa na kiwango kinarudishwa 40. Bikaboneti 12, hewaukaa 1.2, uwiano 10, pH 7.1.

Chupa D inaiga mtu anayehema kwa kasi. Mwili wenye bikaboneti 12 unatarajiwa kushusha hewaukaa mpaka kama 26 (zidisha bikaboneti kwa 1.5, ongeza 8). Changanya kwenye mfuko wa lita 3 pumzi ya mwisho lita 1.95 na hewa ya kawaida lita 1.05, na upulizie hiyo. pH ilikaa 7.3, kanuni inasema 7.29.

Kutoka 6.06 hadi 7.29, na kemikali ndani ya chupa ni zilezile. Vitabu vingi huisifu bikaboneti kama bafa hodari, na ukiipima ndani ya chupa iliyofungwa kwenye pH 7.4 ni bafa dhaifu, kwani bafa huwa na nguvu karibu na namba yake, hapa 6.1, na 7.4 iko mbali nayo. Nguvu yake ni kwamba upande mmoja wa uwiano una mlango, yaani mapafu. Mtu aliyezuiwa kuhema huku asidi ikizalishwa ni chupa B.

Ila tazama D vizuri kabla ya kushangilia. pH imekaribia kawaida, bikaboneti bado ni 12. Mapafu yameficha deni, hayajalilipa. Kupulizia zaidi hakuongezi hata milimoli moja ya bikaboneti. Kwenye chupa tunalipa kwa kutia gramu 1.01 za bikaboneti ya sodiamu. Kwenye mwili, anayelipa ni figo, na huchukua siku.

Kwa usahihi, mwili una bafa nyingine ambazo chupa haina: himoglobini, protini na fosfeti ndani ya seli, na mifupa. Asidi ya milimoli 12 kwa lita katika mtu mzima isingeshusha bikaboneti yote hivyo.

Gharama: damu bandia lita 7 pamoja na zilizomwagwa, asidi ya 1 M mililita 72.

5 Machi: mkojo bandia

Mlo wa kawaida huacha asidi isiyoweza kutoka kwa pumzi, kama 1 mmol kwa kila kilo kwa siku, basi 70 kwa mtu wetu. Swali la hatua hii: kwa nini zisitoke zikiwa huru kwenye mkojo? Figo haiwezi kushusha pH ya mkojo chini ya 4.5 hivi, na hapo haidrojeni huru ni 0.03 mmol/L. Kutoa 70 kwa njia hiyo kunahitaji zaidi ya lita 2,200 za mkojo kwa siku.

Chupa: maji lita 1.5, fosfeti ya disodiamu kavu gramu 4.26 (30 mmol). Inaanza karibu na pH 9. Mililita 6 za asidi ya 1 M zinaishusha hadi 7.4, na kuanzia hapo hesabu inaanza. Inapokea mililita 24 nyingine polepole, kisha karibu na pH 4.6 inaporomoka kwa tone moja moja. Kwa hiyo fosfeti imebeba 24 kati ya 70. Zilizobaki 46 hubebwa na amonia ambayo seli za figo huitengeneza kutoka glutamini, moja ya asidi amino. Fosfeti inategemea kilicholiwa, amonia huongezwa kadiri asidi inavyozidi, ndiyo maana figo zilizochoka hushindwa kwanza upande wa amonia.

Chupa hii isikutane na mabaki ya damu bandia kwenye ndoo moja ya kuoshea kabla ya kumwagwa: kalsiamu na fosfeti hugandia mirija.

17 Machi: lahajedwali inayohamisha maji

Safu za mwanzo: maji ya nje, maji ya ndani, milosmoli za nje, milosmoli za ndani. Kosa linalojirudia kwa wanaojaribu mfano huu ni kuweka ukolezi kama namba ya kuingiza. Ingiza kiasi (mmol na lita), ukolezi uwe tokeo. Na kila hatua, maji yagawanywe upya kabla ya kusoma chochote: jumla ya milosmoli gawanya kwa jumla ya maji, ndio ukolezi mpya, kisha milosmoli za kila upande gawanya kwa ukolezi huo, ndio ujazo wake.

Pima lahajedwali yako kwa maswali matatu. Lita 1 ya maji matupu: ukolezi unashuka hadi 280.3, theluthi moja tu ya maji inabaki nje ya seli, na plazma inapata kama mililita 83. Lita 1 ya chumvi 0.9%: yote inabaki nje, plazma inapata kama 250. Lita 1 ya chumvi 3%, yenye sodiamu 513: ukolezi 304.2, maji ya nje lita 16.58, ya ndani 26.42, sodiamu 149. Hili la tatu ndilo linaloumbua lahajedwali mbovu. Iliyoingia ni lita 1, lakini nje pameongezeka lita 2.58, hizo 1.58 zimenyonywa kutoka kwenye seli, na ubongo ni seli. Lahajedwali isiyohamisha maji itasema sodiamu 165, namba ya kutisha isiyokuwepo.

30 Machi: figo inayokataa kutulia

Figo ya lahajedwali hutoa milosmoli 600 kwa siku. Mkojo mwepesi kabisa ni milosmoli 50 kwa kilo, mzito kabisa 1,200. Kwa hiyo kiasi cha mkojo kiko kati ya lita 12 na lita 0.5. Maji yanayoingia, yakishatolewa yanayopotea kwa ngozi na pumzi, ni lita 1 kwa siku. Kinachochagua ni homoni ya ADH, inayoiamuru figo ibakishe maji.

Jaribio la kwanza lilikuwa swichi: ukolezi wa mwili ukiwa chini ya 287 mkojo mwepesi, juu yake mkojo mzito, hatua ya saa 1. Grafu ilitoka kama meno ya msumeno. Saa moja ya mkojo mwepesi inatoa lita 0.5, ukolezi unaruka milosmoli 3, kisha inachukua saa 22 kurudi, kisha tena. Mwili haufanyi hivyo.

Jaribio la pili: ukolezi wa mkojo uongezeke kwa mstari ulionyooka, 50 mwili ukiwa kwenye 280 hadi 1,200 ukiwa kwenye 295. Ilitulia vizuri, 287 ikatoa mkojo wa karibu 600 na lita 1 kwa siku. Lakini lita 1 ya maji ilichukua saa 26 kutoka kwa 80%. Mtu mwenye afya humaliza kazi hiyo kwa saa 4 hadi 5. Kubadili mstari uwe wa logi kulishusha muda hadi saa 9, bado mrefu.

Kilichoponya ni kubana upana. Figo hufikia mkojo mwepesi kabisa ukolezi ukishuka kwa 1% au 2% tu. Mkunjo wa logi uliwekwa uishie 50 kwenye 284 na ubaki 600 kwenye 287. Hapo 80% inatoka kwa saa 2.6. Ukiongeza muda wa maji kufyonzwa kutoka tumboni, ambao lahajedwali haina, unakaribia mwili halisi. Hatua ya muda ipunguzwe kuwa dakika 5. Kwa saa nzima mkunjo huu mkali huruka alama yake.

11 Aprili: potasiamu, haijaisha

Mwili una kama milimoli 3,500 za potasiamu, na nje ya seli ni 14 × 4 = 56 tu. Mlo mmoja wenye milimoli 40 ukiachwa wote nje unapandisha kiwango kutoka 4 hadi 6.9, hatari kwa moyo, kabla figo haijapata nafasi. Lahajedwali inafanya hivyo hasa kwa sasa, kila mlo. Insulini ndiyo huisukuma ndani ya seli wakati huo, figo ikifuata taratibu kwa amri ya homoni ya aldosteroni.

Safu ya "mlango wa insulini" imeongezwa: sehemu ya potasiamu ya mlo inahamia ndani saa ileile inayoingia, kisha inarudi nje polepole kadiri figo inavyotoa. Kwa 80% kwenda ndani, mlo wa 40 unapandisha hadi 4.6 tu. Kinachosumbua ni jumla ya ndani kujilimbikiza siku hata siku pale kasi ya kurudi ilipowekwa thabiti. Inabidi itegemee kilichozidi juu ya 3,444, siyo namba moja ya kudumu. Anayeiga aanze na safu hiyo kabla ya kugusa uhusiano wa potasiamu na asidi, ambao utahitaji bikaboneti iwe safu ya lahajedwali kwanza.